Rangi ya Mdomo Uliyoiacha Dirishani

Dada yangu,

Pokea salamu. Kwa rehema za Mungu tunapumua. Cherehani yangu imepata mkanda mpya, na paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa.

Dada, ile siku ulipokuja kumwona Mama nilikuzuia mlangoni. "Umri huu na mdomo mwekundu? Huoni haya mbele ya Mungu?" Ukacheka, "Haya, bibi mtakatifu," ukaifuta rangi. Siku mbili ulimlisha Mama kwa kijiko, naye akakuambia, "Asante, nesi." Uliondoka ukilia.

Kumbe macho yake yamefifia, na kumbukumbu pia, na wewe alikuwa anakutambua kwa wekundu ule tu. Mpaka leo ananiuliza, "Mwanangu wa mdomo mwekundu mbona haji?"

Jana nilijipaka ile rangi uliyoiacha dirishani, nikamwinamia. Akanishika shavu, akaniita kwa jina lako, akacheka kama zamani. Nilishindwa kumwambia ni mimi.

Nisamehe. Njoo ujipake mwenyewe, angali anauona wekundu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye rangi haijamtoka yote mdomoni.