Clem Hakuwa Amelewa

Nyumba Na. 14,
Barabara ya Maghala,
Gurrandale,
New South Wales.

Jumapili, 23 Novemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Merle,

Pokea salamu kutoka huku kwetu kwenye joto na nzi, zikufikie huko Aberdeen kwenye ukungu. Nyonga yako inaendeleaje? Ulisema daktari amekuruhusu kupanda ngazi kwa mkongojo. Tafadhali usijitie ushujaa. Panda ngazi moja moja, na nguo za kufua mwachie mumeo Hamish azibebe. Amestaafu, na mikono anayo miwili.

Mwili wangu mimi ni mzima, ila goti linanung'unika kama kawaida yake. Mvua bado. Bwawa la nyuma limebaki tope, na kunguru wanakuja kunywa kwenye bakuli la mbwa bila hata kumwogopa. Mwanangu Joanne na watoto wake hawajambo. Wanakusalimu.

Tulimzika kaka yetu Clem Jumanne, kama nilivyokueleza kwenye simu. Kaburi lake liko upande wa baba, si wa mama, kwa sababu upande wa mama umejaa.

Sasa nisikilize, Merle. Siku ile nilipokupigia, ulilia mpaka ukaishiwa pumzi, kisha ukasema, "Angalau ulikuwa naye, Dulcie. Asante kwa kuwa naye." Nikanyamaza. Ukadhani kilio kimenikaba. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nakuacha uamini uongo. Tangu siku hiyo shukrani yako imenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo nitaiandika mpaka mwisho, na ukimaliza kuisoma utaamua mwenyewe kama bado una dada.

Ulipoondoka hapa mwaka 1974, siku ya Kombe la mbio ilikuwa kweli siku ya farasi. Sasa farasi ni kisingizio tu. Mabasi yanafika kutoka mji mkubwa saa nne asubuhi, na wanaoshuka tayari wanayumba. Ikifika saa nane mchana wasichana wanatembea peku, viatu mkononi, kofia za manyoya zimewalalia sikioni, na wanaume waliovaa suti wanakojoa kwenye uzio watoto wakiwaona. Mtu akianguka anapigiwa makofi kama aliyefunga bao. Mbio zilikuwa saba mwaka huu, na wapo waliorudi kwao bila kuona hata kwato moja. Sisi wenyeji tunatikisa vichwa na kuuza vitafunio. Tumezoea.

Clem wa zamani unamkumbuka. Ulikuwa umeshaondoka alipoangukia keki ya harusi ya Joanne, lakini nilikuandikia. Ulisikia pia habari za Kombe la 1998, alipovua suruali mbele ya jukwaa la waamuzi akiwa amelewa chakari. Mji mzima ulicheka, na haukuacha kucheka. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hawakuwahi kuishi Gurrandale.

Usichokijua vizuri ni hii miaka kumi na moja ya mwisho. Hakugusa pombe, Merle, hata kwenye keki ya Krismasi. Lakini mbio hakuacha kwenda. Niliwahi kumwuliza kwa nini anajipeleka mwenyewe kwenye mdomo wa chupa. Akaniambia, "Dada, pale ndipo walipozoea kuniona chini. Nataka wazoee kuniona nimesimama." Basi kila baada ya mbio alikuwa akiingia uwanjani na wazee wenzake, wakirudishia kwa miguu mapande ya majani yaliyong'olewa na kwato. Jioni aliegesha pikapu yake getini, akawapakia walioshindwa kusimama, akamfikisha kila mmoja mlangoni kwake. Hakumsimanga hata mmoja.

Jumamosi ile ya Kombe, tarehe nane, nilikuwa kwenye meza ya akina mama wa kanisa pamoja na Noelene Doyle, jirani yangu, tunauza sandwichi za mayai. Clem alipita yapata saa tano, akanywa chai akiwa amesimama. Alisema kichwa kinamgonga upande mmoja. Nikamwambia, "Vaa kofia yako sawasawa, jua hili si la mchezo." Akacheka. "Ndiyo, mama," akaniambia, akaenda zake. Sikusikia tena neno kutoka kwake.

Saa nane na nusu Noelene alirudi kutoka msalani, midomo ameibana.

"Dulcie, sitaki uambiwe na mwingine. Clem yuko chini. Nyuma ya hema la bia."

"Chini vipi?"

"Chini kama zamani, mpenzi."

Nilivua aproni nikaenda. Watu walinipisha njia huku wakitabasamu. Nyuma ya hema kulikuwa na kundi limesimama duara, na katikati alikuwa kaka yako, chali juani. Bevan Cutler, yule wa maghala ya ngano, alikuwa amempangia makopo matupu ya bia kifuani, moja juu ya jingine, sita, na wenzake wanapiga picha. "Karibu tena kazini, Clem!" anapiga kelele. "Likizo ya miaka kumi na moja imetosha!" Msichana mmoja nisiyemjua alijilaza ubavuni pake akatoa ulimi ili apigwe picha naye.

Mdomo wa Clem ulikuwa umekwenda upande. Suruali imelowa. Jicho moja limefumba, jingine linanitazama mimi. Alijaribu kusema, ikatoka sauti kama ya ndama. Mafunzo ya huduma ya kwanza nimeyapata mara mbili pale ukumbi wa kanisa, Merle, na cheti kimebandikwa kwenye mlango wa jokofu langu. Nikasimama pale nikauona mwaka 1998.

Niliinama. Unajua nilimwambia nini? "Nakuonea aibu. Baki hapo hapo mpaka akili ikurudie." Mkono wake wa kushoto ukashika pindo la gauni langu. Nikavibandua vidole vyake, kimoja kimoja, nikarudi kukata mikate. Kwa muda wa saa moja na dakika arobaini nilikata mikate. Mteja mmoja akasema, "Leo Clem hapakii mtu, atapakiwa yeye." Nikacheka. Nilitaka waone kwamba halinihusu.

Aliyemwokota ni msichana kutoka New Zealand, mtunza farasi aliyekuja na farasi wa mtu wa mbali. Jina lake Marama. Alikuwa anapita na ndoo ya maji, na kwa kuwa hakujua Clem ni nani wala alifanya nini mwaka gani, aliona mgonjwa. Akapiga magoti, akanusa mdomo wake. Nilimsikia kutoka kwenye meza yangu, alivyopiga ukelele: "Huyu hanuki pombe! Nani amemnusa? Watu wote hawa, hakuna hata mmoja aliyemnusa?"

Nilikimbia na goti langu hili. Makopo yalikuwa yameanguka nyasini. Gari la wagonjwa lilichukua muda mrefu kupenya, kwa sababu walevi walilizunguka wakiligonga ubavuni na kuimba, wakidhani limemfuata mlevi mwenzao.

Pale hospitali ndogo, Daktari Wijesinghe aliniuliza, "Ameanza hali hii saa ngapi?" Nikahesabu kwa sauti mbele yake. Watu wa hema la bia walisema alianguka yapata saa saba. Mimi nilimwona saa nane na nusu. Aliletwa saa kumi na moja. Kiharusi, akasema. Mashine ya kupima kichwa iko mji mkubwa, mwendo wa saa mbili, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake.

"Angeletwa mapema, tungekuwa na la kujaribu," akasema kwa upole. Kisha akaongeza, nadhani kwa kutaka kunifariji, "Tumempima damu. Hana pombe, hata tone."

Alilala siku nne. Hakusema neno. Mkono wa kushoto bado ulikuwa na nguvu kidogo. Jumatatu niliushika nikamweleza yote, kwamba nilidhani amelewa, kwamba nilimwonea aibu, kwamba nilicheka. Nikamwomba msamaha. Clem akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, polepole, akauweka kifuani pake. Sijui alinikataa au alichoka. Usiniambie alichoka, Merle. Hatujui.

Jumatano asubuhi nilitoka kwenda kuchukua chai kwenye mashine ya ukumbini. Nesi alikuwa anabadilisha shuka. Niliporudi na kikombe, Clem alikuwa ameshatutoka. Kwa hiyo hata hapo sikuwa naye.

Bevan alikuja kwangu kabla ya maziko, hajalewa hata kidogo, macho mekundu, amevaa suti ile ile ya siku ya Kombe. Alisimama getini, hakuthubutu kulifungua.

"Bi Dulcie, mwaka jana alinipeleka nyumbani. Alinivua viatu, akanifunika blanketi."

"Najua. Ndivyo alivyokuwa."

"Na mimi nikampangia makopo."

Nikamwambia, "Wewe ulipanga makopo, Bevan. Mimi nilibandua vidole vyake." Picha alizifuta za kwake, lakini wenzake wanazo. Moja bado inazunguka kwenye simu za watu, na chini yake wameandika maneno ambayo sitakuandikia.

Baada ya kumzika, watu walikwenda baa, kama desturi. Nilikwenda kwa dakika kumi. Waliinua glasi wakasema, "Kwa Clem!" wakanywa, wakainua tena. Mtu niliyesoma naye shule alinisogezea glasi ya bia akaniambia kaka yangu alikuwa mtu safi. Ilikuwa saa tisa mchana, na wawili walikuwa tayari hawawezi kutoka mlangoni. Nilitazama nje, nikaona hakuna pikapu ya Clem.

Kamati ya mbio imeleta shada la maua. Wanataka mbio za tano za mwakani ziitwe kwa jina lake. Niliwaomba jambo moja tu, wawekwe watu wa kuzunguka uwanja, na kila aliyelala chini aamshwe, aulizwe jina lake, anuswe. Walisema watalijadili.

Hayo ndiyo yaliyompata kaka yako, na hiyo ndiyo sehemu yangu. Usinijibu kwa haraka. Kama utakaa mwaka bila kuniandikia, nitaelewa. Msalimie Hamish, na Catriona na mumewe, na mwambie mwanao Ewan kwamba mjomba wake alikuwa ameiweka ile kadi ya siku ya kuzaliwa aliyomtumia juu ya meza ya kitanda, niliikuta. Mungu akuponye nyonga, akupe usingizi wa kutosha, na asikuonyeshe ninayoyaona mimi nikifumba macho.

Ila ukiniandikia, usiseme kwamba halikuwa kosa langu. Kila mtu hapa mjini ananiambia hivyo, na kila anayeniambia alimpita Clem pale chini.

Dada yako, ambaye hajaacha kukupenda,

Dulcie