Chapa Nyota, Chapa Jogoo

Jumamosi, 4 Oktoba

Banda la Mzee Jayanti, Hounslow, kama kila Jumamosi. Ndege inapita juu ya paa, chai ya tangawizi inatetemeka kikombeni. Tunachambua maganda ya risasi. Bastola zimepigwa marufuku nchi hii, kwa hiyo klabuni tunatumia bunduki fupi zinazokula risasi za bastola. Vibali vya polisi tunavyo, mimi na yeye. Tukishapiga tunaokota maganda na kuyajaza upya.

Shaba na shaba hazilingani. Hilo nimelielewa leo. Tunayaita maganda kwa alama iliyopigwa kitakoni, kama viberiti vya nyumbani. Chapa Nyota: ukuta mnene, mdomo laini, unalijaza na kulijaza na bado limetulia. Chapa Taji: zuri, ila tundu la kupachikia fataki limebana, unasukuma mpaka kiganja kinauma. Chapa Jogoo: linang'aa kama bwana harusi, kumbe jembamba. Ukilijaza mara chache tu, mdomo unapasuka. Mzee hulicheka: jogoo la shamba haliwiki mjini. Ukichanganya chapa, hili linabana risasi sana, lile linalegea, na shabaha inaharibika. Yeye hachanganyi. Kila chapa na kopo lake la maziwa ya unga.

Namhusudu mzee huyu. Kazaliwa Tanga kama mimi, kachonga vyuma London mpaka akastaafu. Sasa ana mtoto wa jicho, tena jicho la kulia, lile la kulengea. Kibali kikiisha mwezi huu hatakihuisha. Ngao ya klabu, tarehe kumi na tisa, ndiyo shindano lake la mwisho. Atalipiga kwa Nyota. Ameyatunza maganda yale kama mayai.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeomba niyaoshe Nyota. Kanipa kopo lote. Hajawahi kumpa mtu. Nimepanda basi nimelipakata mapajani, najiona mkubwa.

Zamu ya mizigo Heathrow imenimaliza mgongo. Hata hivyo nimeyaloweka. Ukwaju na chumvi, maji ya moto, ndoo ya kudekia. Mama alisugua masinia ya shaba hivyo kila Idi ikikaribia, mpaka unajiona meno. Nitayasuuza nikiamka.

Jumatano, 8 Oktoba

Yamekuwa ya waridi. Yote.

Nimesuuza, nimesugua, nimeyapanga kwenye taulo. Waridi vilevile, kama kucha za mtoto. Nimesoma, nimeelewa, nimechelewa. Shaba hii ina zinki ndani yake. Uchachu ukikaa sana unaila zinki, ganda linabaki dhaifu. Mama alipaka ukwaju, akasugua, akasuuza papo hapo. Mimi nimeyalaza usiku kucha. Na sinia halilipuliwi na baruti.

Mjinga mimi. Mjinga wa kupindukia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kapiga simu mara mbili. Sikupokea. Naona aibu hata kuitazama ile ndoo.

Dada yangu kapiga kutoka Tanga, nikamwambia nimemharibia mzee mmoja maganda, na fataki zenyewe zimeadimika London. Kacheka mpaka akakohoa. Kwao fataki ni mzee anayefukuzia vibinti. Kwangu ni kile kidude kinachowasha baruti. Nilicheka pia. Kisha nikalia kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwambia mlangoni, kabla hata ya shikamoo.

Kalichukua ganda moja, kalisogeza karibu na jicho zima. Ndege ikapita.

“Ukwaju ni wa mchuzi, Mwanaidi,” akasema.

Basi. Hakugomba. Kayamimina Nyota yote kwenye debe la vyuma chakavu. Nilitaka anitukane.

Taji yaliyobaki hayatoshi. Akashusha kopo la Jogoo. Nikamwambia yatapasuka, na likipasuka hukwama ndani ya bunduki, na muda wa shindano hausubiri mtu. Akaniambia ninyamaze. Akachota machache kiganjani, akafumba macho, akayatikisa.

“Moja linaumwa hapa.”

Sikusikia kitu. Akayapunguza, akatikisa, akapunguza, mpaka likabaki moja. Nililitazama kwa lenzi. Ufa mwembamba kama unywele, mdomoni. Macho yangu mazima yalikuwa yamelipitisha wiki iliyopita.

Nikakumbuka mama sokoni, akigonga vyungu kwa kidole kabla ya kununua. Chungu kizima huitika, chenye ufa husema ‘ko’ kikanyamaza. Nikafumba macho. Mzee akatikisa. Na kweli, katikati ya mlio wa kengele kulikuwa na sauti moja nzito, kama mtu mwenye mafua katika kwaya. Uzuri ule sijui niusemeje. Tumechambua kopo zima, yeye akisikiliza, mimi nikithibitisha. Mazima yametosha, kwa taabu.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Mikono yangu ilikuwa baridi kuliko yake.

Kapiga polepole. Kila alipovuta mkono wa bunduki na ganda likaruka nje, nilivuta pumzi. Jogoo, Jogoo, Jogoo. Hakuna lililopasuka. Hakuna lililokwama. Lile la mwisho liliruka likatua karibu na kiatu changu, bado la moto, zima.

Ngao hakuipata. Kawa wa nne, kwa jicho moja bovu na maganda tuliyoyadharau. Vijana wenye risasi mpya za dukani wamekuja kumpa mkono. Kwenye gari kaniambia, “Leo limewika mjini.” Nikacheka peke yangu mpaka taa za barabarani, kwa sababu yeye alikuwa keshalala.

Jumamosi, 8 Novemba

Kibali chake kimerudishwa polisi, bunduki imeuzwa klabuni. Jicho litafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Makopo yote yako kwangu sasa, juu ya kabati la vyombo. Ukwaju nimeuhamishia kabati jingine.

Jioni nimechota Jogoo machache, nimefumba macho, nimetikisa. Nikasikia. Nikarudia kuhakikisha. Halafu nikampigia simu, nikaisogeza kwenye kiganja, nikatikisa bila kusema lolote.

Televisheni yake ikapunguzwa sauti.

“Moja linaumwa,” akasema.

“Nalijua, Mzee,” nikasema. “Nimeshalishika.”

Akaongeza sauti ya televisheni. Tukakaa hivyo muda, simu wazi, kila mtu kwake.