Ndege Iliyokata Kushoto Tu

Mahona, salamu baadaye. Nimetoka kwa mjukuu wangu Precious sasa hivi.

Tulikuwa tunacheza ule mchezo wa ndege za vita kwenye kompyuta yake. Amenitungua mara sita. Mara sita, mimi niliyesoma kitabu kizima cha mbinu za kugeuka angani!

Akanitania: "Mume wangu, mbona unakata kushoto tu? Mimi niko kulia kwako, naonekana kabisa!"

Nikamjibu kwamba nimelima kwa maksai miaka thelathini, na wangu walizoea kugeukia kushoto. Akacheka. Nami nikacheka.

Halafu akaacha kucheza. Akanifunika jicho la kushoto kwa kiganja. "Babu, vidole vingapi?"

Nikamuuliza kwa nini amezima kompyuta.

Hakuizima, Mahona. Nilikuwa naisikia inanguruma mezani. Jicho langu la kulia halioni kitu, na sijui tangu lini.

Sina hofu, sina uchungu. Nimekaa tu.

Jumapili nilikupakia kwenye pikipiki kutoka Maswa, nikijisifu njia nzima.

Njoo uchukue ufunguo wa pikipiki. Nitakataa kukupa. Usinisikilize, chukua.