Fisi Mwenye Kilemba

Kaka yangu Athmani,

Najua maiti hasomi barua. Nakuandikia hivyo hivyo, maana humu nyumbani sina wa kusema naye, mume wangu hushinda baharini. Mama hanyanyuki kwenye msala wake wa kusalia tangu tuletewe habari kwamba tumbo la kuhara limekuua huko bara, ukibeba mizigo ya vita vya Wazungu, na kwamba wamekuzika njiani. Hata sanda sijui kama uliipata.

Tulipomaliza hitima, Mama alitaka kuzichoma sanamu zako. Zile za ngozi ya mbuzi, ulizokuwa ukizichezesha kwa taa nyuma ya shuka ya marekani, mchana, katika chumba chetu cha ndani kisichoingia jua, watoto wa mtaa wamejazana hata mlango haufungiki. Alisema fisi ndiye aliyekuua. Fisi wako mwenye kilemba, anayekohoa kabla ya kila neno kama akohoavyo Mudiri wetu, mtawala wa mji, anayeamua kesi ya mbuzi wawili na kila shahidi akija anamla, ati kesi iende upesi. Mke wa Mudiri alikuja siku moja na wanawe, akacheka mpaka ukaya ukamvuka kichwani. Mwezi haukwisha, askari wakabisha kwetu wakitaka mpagazi, wakakuchukua wewe. Nani asingedhani kwamba alimpelekea mumewe habari za fisi? Nilimchukia yule mwanamke. Na nilijivuna, Athmani: kaka yangu amekufa kwa kusema kweli.

Basi juzi Mudiri akatuma mtu. Wanawe wametahiriwa, anataka mchezo wa vivuli. Mama alinililia nisiende, au fisi nimwache nyumbani. "Watamchukua na mumeo," akasema. Wajua kichwa changu kigumu. Nilikwenda na fisi. Nilitaka Mudiri ajione, aone haya japo kidogo. Lakini niliogopa, hata mbuzi nikawachezesha mbio mbio kuliko wewe.

Mudiri alisimama mlangoni. Fisi akakohoa. Watoto wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, akijipiga mapaja. "Huyu ndiye hasa yule mudiri mwenzangu wa ng'ambo ya mto!" akasema. Kisha akakohoa, akaamuru niletewe halua. Akanijia huku nyuma ya shuka, akaniuliza: "Na yule nduguyo, fundi wa mambo haya, mbona hakuja mwenyewe?"

Hakukumbuka kwamba askari wake ndio waliokuchukua. Walitakiwa watu, mlango wetu uko karibu na barabara, basi. Hakukuchukia hata kidogo, kaka. Laiti angekuchukia.

Nilizitia sanamu kikapuni. Nilikunja shuka nikaenda zangu, na halua nimeiacha pale pale.

Sanamu hazichomwi, nimemwambia Mama. Nakata nyingine sasa: mtu mwenye mzigo kichwani, na pua yako hiyo ya babu. Kila mchezo atapita mbele ya fisi, na fisi atamwuliza jina. Atajibu, Athmani. Atajibu kwa sauti yangu, mpaka watoto wa Malindi nzima walijue jina lako, na wa Mudiri wakiwamo.

Pumzika, kaka. Mola akupanulie hapo walipokulaza.

Nduguyo,
Mwanaisha