Bibi Aliyeniita Nasri Kule Kibira

Bwiza, Bujumbura
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nadhani barua hii itakukuta jikoni umeukumbatia moto, maana msimu huu ukungu wa Shume hauna adabu, unaingia mpaka ndani ya sufuria. Magoti yanasemaje? Mwajuma aliniambia sikio la kulia nalo limeanza kugoma, ndiyo maana safari hii nimeandika. Kwenye simu wewe unasema "haloo, haloo", mimi napiga kelele mpaka majirani wanachungulia, na mwisho wake tunakuwa tumeulizana hali tu. Nina jambo ambalo halifai kupigiwa kelele. Mwajuma mdogo wangu, msomee mama karibu na sikio, polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Kazi ni ile ile. Tangu mwenye lori lililonileta huku alipoliuza, namwendeshea tajiri mmoja gari la safari, napeleka watu kutembea kwenye hifadhi za milimani. Mafuta yamekuwa adimu kama dawa. Kuna siku nashinda kwenye foleni ya kituo, nasukuma gari kwa bega, na jioni tunaambiwa yamekwisha, rudini kesho. Yakipatikana, basi tunapanda mlima.

Mama, mji huu uko chini kabisa, ubavuni mwa ziwa, na joto lake linakuamsha shati likiwa limeganda mgongoni. Lakini ukiishika barabara ya kwenda Bugarama inakuzungusha kona baada ya kona, baiskeli zinateremka na mizigo ya ndizi kama zimerushwa, malori yanapanda yakilia, na kabla hujajua, watu wote ndani ya gari wanafunga vioo. Bugarama wanauza kabeji na karoti barabarani, watoto wamevaa masweta. Ukipinda huko unakuta mashamba ya chai, na mbele yake msitu wa Kibira, mweusi, umevaa mawingu. Sokwe wamo, ingawa mara nyingi wageni wanaambulia kuona vitanda vyao vya majani juu ya miti. Kima wamo wa kila namna. Kuna ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, akiruka anatoa sauti kama mtu anayekohoa.

Siku ya kwanza nilipoona mbega huko, weusi na mabega meupe, wale wale wa msitu wa nyuma ya nyumba yetu, nilisimamisha gari bila kuambiwa na mtu. Wageni wakanishukuru, wakatoa kamera. Sikuwaambia kitu. Dereva ni kisogo tu, mama. Watu wanacheka nyuma yako safari nzima, wanagawiana karanga, wanalala kwa mabega ya wenzao, na wewe unaangalia barabara. Jioni unawashusha kila mmoja kwake, unaosha gari, unarudi kwenye chumba chako ambako hakuna aliyekaa. Bwiza haina ukimya, baa ziko huku na huku na muziki unapita ukutani. Lakini kelele za watu si watu.

Sasa nikuambie lililonipata.

Mwanzo wa mvua zilizopita, mfanyabiashara mmoja wa vitambaa wa hapa Bwiza, Salim, alikodi gari letu ampeleke mama yake milimani. Ni Waarabu wa hapa hapa, wazee wao walitoka Omani zamani, wao wenyewe wanaota kwa Kiswahili. Mama yake anaitwa Bi Zuena. Alikuwa mtu mzima sana, mwepesi kama kuku wa kienyeji, na kumbukumbu zake zilikuwa zimechanganyika. Joto la mjini lilimtesa, ndipo Salim akaona ampandishe kwenye ubaridi apumue, pamoja na mkewe Rukia.

Nilipomfungulia mlango wa gari, Bi Zuena akanishika kidevu.

"Nasri," akasema. "Umekonda."

"Mama, uyu ni shofere," Salim akamwambia.

"Mi najua mutoto wangu."

Rukia akainamisha macho. Salim akaniambia kwa sauti ya chini, "Usijali ndugu, mama amechoka kichwa." Nikaendesha. Njia nzima bibi aliniita Nasri, na kila mara Salim akamrekebisha, mpaka akachoka naye.

Tulisimama ukingoni mwa msitu, penye chai. Alikuwepo mwongozaji wa wageni, kijana mmoja anaitwa Deo, tunayefanya naye kazi mara nyingi. Bi Zuena alikuwa amesinzia ndani ya gari. Rukia akatandika mkeka atoe chakula, Salim na Deo wakawa wanaangalia kiota cha sokwe, mimi niko chini ya boneti kwa sababu injini ilipata moto. Ukungu ukashuka. Unaujua ukungu wa aina hiyo mama, ule unaomeza ng'ombe akiwa mbele yako. Nilipoinua kichwa, mlango wa nyuma ulikuwa wazi na kiti kitupu.

"Salim! Mama iko wapi?" Rukia akapiga kelele.

Tukaita. Hakuna jibu. Salim akataka kukimbilia upande wa bonde, Deo akamshika mkono kwa nguvu. "Apana, patron. Tukitawanyika tutatafuta watu wane. Mukae kwa gari mupige honi, atasikia. Mi na shofere tunaingia."

Salim akakaa. Nilimwona midomo inavyosoma dua. Honi ikawa inalia nyuma yetu, na sisi tunakwenda tumeshikana mashati ili tusipotezane. Chini ya miti kulikuwa kumelowa, mizizi inateleza, na kushoto kwetu udongo ulikuwa umemeguka na kuacha shimo ambalo sikuona mwisho wake. Nikawa nawaza, bibi mwenye miguu ile. Tukaokota kiatu chake kimoja. Deo akasimama, akasikiliza. Mbele yetu kima walikuwa wakitoa mlio mfupi mfupi.

"Wameona mutu," akaninong'oneza.

Tukaufuata mlio. Mama, tulimkuta ameketi juu ya gogo, ushungi umelowa, mguu mmoja peku, na mbele yake, si mbali, kuna kundi la kima weusi wenye videvu vyeupe, wale wanaopenda kutembea chini kuliko mitini. Mmoja alikuwa na mtoto kifuani. Walikuwa wamenyamaza sasa, wanamwangalia, naye anawaangalia. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Usiwatishe. Ananyonyesha."

Deo akamwambia, "Bibi, twende, baridi itakuua."

"Mi siendi na mutu. Nangojea mutoto wangu."

Deo akamshika mkono taratibu. Akajikaza kwenye gogo, akaanza kulia kwa sauti ya kitoto, kima wakatimka. Akawa anasukuma mikono ya Deo, na kila akisukuma anasogea upande ule wa shimo. Hapo sikufikiri, mama. Nikapiga goti kwenye tope nikasema, "Labeka, mama. Nimekuja."

Akanyamaza. Akanishika kidevu.

"Ni weye?"

"Ni mimi."

"Umechelewa sana, Nasri."

"Foleni, mama."

Akacheka! Nikampa mgongo, akapanda mwenyewe. Nilimbeba mpaka barabarani, anapumua shingoni mwangu, ananukia udi na majani mabichi, na mkono wake unanipigapiga begani kama unavyombembeleza mtoto asinzie. Nikagundua kwamba tangu nifike mji huu, ukiacha kupeana mikono, hakuna mtu aliyewahi kunigusa. Machozi yalinitoka. Deo alikuwa mbele, na usoni nilikuwa nimelowa ukungu hata hivyo.

Siku chache baadaye Salim aliniita dukani kwake. Akafunga mlango mmoja, akaniambia Nasri ni nani. Alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alikwenda Maskati kutafuta maisha, akafa kule katika ajali ya gari, akazikwa kule kule, na mama yao hakuliona kaburi.

"Tulikuwa tunamuambia kweli," Salim akasema. "Kila tukimuambia, analia kama ni leo ndo amekufa. Kesho yake amesahau, anauliza tena. Tumemuzika Nasri mara mingi sana, ndugu yangu. Tangu siku ile ya musitu, analala vizuri. Anasema Nasri amerudi, anafanya kazi ya gari." Akasogeza kiti chake karibu. "Kama unaweza, ukuwe unapita Ijumaa. Ukule na sisi tu."

Basi nikawa napita. Kila Ijumaa baada ya swala nilivaa kanzu nikaenda, Bi Zuena ananikalisha karibu yake, ananichambulia samaki miiba kwa vidole vyake vinavyotetemeka. Ananiuliza nani ananifulia. Ananiuliza kama mahali ninapolala panavuja. Rukia naye akazoea, akawa ananiwekea ukoko wa pilau pembeni kwa kuwa aliona naupenda. Sitakuficha mama, wiki yangu nzima ikawa inaelekea Ijumaa. Lakini nikirudi chumbani, nilikuwa najiuliza ni nani aliyekula kile chakula.

Mara ya pili tulipompandisha Kibira, mvua ilikuwa imekatika na msitu unang'aa. Bibi aliomba akae mbele na mimi. Tulipoyapita mashamba ya chai, mbega walikuwa juu ya mti mmoja mkubwa, mikia yao imening'inia kama taulo zilizoanikwa. Nikapunguza mwendo awaone vizuri. Hakuwa akiwatazama. Alikuwa akinitazama mimi, kwa macho tofauti kabisa, makavu na ya akili.

"We ni mutoto ya nani?"

Nyuma, Salim akasogea mbele kwenye kiti.

"Mimi ni Athumani, bibi. Mtoto wa Mama Halima, wa Shume, Lushoto."

"Mama yako iko hai?"

"Yuko hai."

"Anaona? Anatembea?"

"Anaona. Anatembea, ila magoti. Na masikio yamepungua."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, aliniuliza kama mtu anayeuliza njia: "Sasa unafanya nini huku?"

Mama, nilitafuta jibu. Ningesema kazi, ningesema riziki, majibu hayo ninayo na watu wote huyakubali. Hayakutoka. Nikabadilisha gia tu. Tulipofika kona ya tatu hivi, akajifunika ushungi akasema, "Nasri, funga kioo, baridi inaingia," nikakifunga.

Alifariki mwezi uliopita, nyumbani kwake, akiwa amelala mchana. Mungu amrehemu. Nilikwenda kama watu wengine, nikasimama nyuma. Lakini tulipofika makaburini, Salim akiwa tayari ameshuka mwanandani, akainua uso akanitafuta.

"Athumani. Ingia na we."

Ndiyo mara ya kwanza nyumba ile kuniita kwa jina langu. Nikavua viatu nikaingia. Tulimpokea mimi na Salim, nikamshika upande wa kichwa, mwepesi vile vile kama siku niliyombeba. Tulipotoka, watu wakapanga mstari kutupa mikono. Wengine hawakunijua, wakafuata tu alivyofanya wa mbele. "Pole kwa kufiwa na mama." "Mungu akupe subira, mama ni mama." Nami nikawa naitikia, ahsante, ahsante. Mtu wa nne au wa tano aliponiambia hivyo, nikauachia mkono wake. Nilikuona wewe. Nikaona mstari kama ule uko Shume, watu wanampa mkono Mwajuma peke yake, na mimi niko kwenye kona ya Bugarama, nawaonyesha wageni nyani.

Ijumaa iliyofuata nilivaa kanzu kwa mazoea, nikaenda mpaka langoni kwao. Nilisikia sahani ndani. Salim alikuwa ameniambia mlango uko wazi siku zote, na najua alisema kweli. Nikasimama, lakini sikujua nitapiga hodi kama nani. Nikarudi zangu, nikanunua ndagala, dagaa wa huku, wa kukaanga barabarani, nikala nimesimama.

Nimemwambia tajiri atafute dereva mwingine. Alinuna, akasema nitajuta, kazi hazipatikani. Pengine ni kweli. Kuna mwenzangu wa lori atanivusha mpaka Kigoma, na kutoka hapo nitatafuta njia ya kufika Tanga. Sina makubwa ninayokuja nayo, na huko sijui nitaanzia wapi. Nitaendesha hata lori la viazi, ilimradi jioni nilale Shume. Shida ya kuongea tutaizoea, nitakaa upande wa sikio lenye nafuu.

Nisalimie shangazi anayetuuzia maziwa, mwambie ule mtungi wake nimeukumbuka. Nisalimie mjomba fundi cherehani na wale mapacha wake, ambao sasa watakuwa wameota ndevu. Msalimie imamu wetu, na umwombe amtajie Bi Zuena binti Nasoro katika dua, hata kama hamjui. Shemeji, mume wa Mwajuma, mwambie namshukuru kwa kuliezeka upya jiko lako. Na wewe Mwajuma, umesoma vizuri. Mpe mama maji anywe, najua analia.

Ni mimi mwanao wa kumzaa,
Athumani