Jeki ya Mgongoni na Miaka Yangu ya Karatasi

Mgongo wangu umevunjika! Sitishi watu, picha ya hospitali ndiyo imesema: mfupa mmoja wa uti wa mgongo umebonyea kama kopo lililokanyagwa.

Bon, jambo zenu. Ni Jumanne, Louisville kunanyesha tangu asubuhi, na mimi nimelala chali, moyo mzito.

Nilikuwa nainua sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, kanisani, nikasikia ta! Wiki tatu nikajifanya mzima. Nani mwingine angepikia watu wote wale wakalamba vidole?

Leo munganga, daktari wa mgongo, amenieleza kupitia mkalimani wa simu. Watatoboa vitundu viwili vidogo, waingize kichuma ndani ya mfupa, kifunguke kiunyanyue, halafu wajaze simenti. Kesho yake natembea.

Kijana wangu Amani, fundi wa mashine kule Tonawanda karibu na Buffalo, alicheka kwenye simu: "Mama, hiyo ni jeki kabisa! Waulize kama wanabadilisha na matairi." Nikacheka, mgongo ukanikatalia.

Lakini munganga alikunja uso. Alisema mwanamke wa miaka hamsini na mbili hapaswi kuwa na mifupa miepesi hivi. Kabla ya jeki anataka kutafuta kama ni kansa.

Neema naye alikuwa kwenye simu, anasikiliza kutoka Columbus. Binti yangu huyu analea wazee na anasomea unesi, na barabara yao ya Morse Road nzima hakuna wa kumfikia. Alianza kulia. "Mama, wewe ungali kijana!"



Mimi sina miaka hamsini na mbili.

Vita ya kwanza, ile ya mwaka tisini na sita, ilipopanda milimani kwetu, kifungua mimba wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa tayari anachunga ng'ombe. Ukifuata karatasi, nilimzaa nikiwa mtoto. Mwaka wangu siujui hasa, ila sitini nimefika. Karani wa kambi ya wakimbizi aliniangalia usoni, akakadiria, akaandika tarehe mosi Januari kama alivyowaandikia wote. Sikumsahihisha.

Nilipenda huo ujana, donc nikatamba nao. Mama Furaha wa kwaya namwita kikongwe, na huenda tumelingana. Watoto wangu walinikatia keki ya hamsini mbele ya kanisa zima, nikacheza mpaka jasho.

Sasa mwanangu analia kwa ajili ya ujana nisio nao. Labda ni uzee tu. Labda ni kansa kweli. Munganga atajuaje, kama mimi mwenyewe namficha?

Naogopa karatasi zangu za uhamiaji zikiguswa itakuwaje. Naogopa zaidi macho ya Neema.

Lakini sitaki kulala kwenye meza ya upasuaji na uongo. Nitawaambia watoto wangu wote wawili hapa kitandani, halafu Neema apige simu kwa munganga nikiwa nasikia.

Amani anaendesha kutoka Buffalo, atampitia dada yake Columbus. Wanafika Jumamosi.