Usiukate Mtoki wa Mwanasiti

Kwa dada yangu Mwanamkuu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nimetoka kusali alfajiri na sijaenda kazini bado. Nililomwomba Mola leo ni kwamba karatasi hii ikukute mzima, na imkute Mwanasiti hajaguswa na wembe. Mimi ni mzima. Baridi ya Nairobi inanila magoti, lakini chakula nakila na kazi naiweza, alhamdulillahi.

Utashangaa kuona herufi za chuoni, za Kiarabu. Siku zote nakuandikia kwa herufi za shule, na mwalimu jirani anakusomea. Hii nataka uisome mwenyewe kwa macho yako, kama unavyousoma msahafu. Mkono wangu umesahau, na nukta nyingine zitakuwa zimekaa pasipo pake, nisamehe. Humu mna jambo ambalo kwa miaka ishirini sikumwambia mtu.

Barua yako ilinifika Jumamosi. Umesema mwanao Mwanasiti ametokwa na mtoki kinenani, mkubwa kama yai la kuku, na homa haimwachi. Umesema Bi Mwanajuma mkandaji ameuchua siku tatu kwa mafuta ya nazi ya moto, haukurudi, na sasa anangoja uive aukate, damu mbaya itoke. Na kwa kuwa kwetu mtoto, hata akiolewa, ni wa mjomba kabla hajawa wa babaye, mnangoja neno langu. Kisha mwisho kabisa, pembeni mwa karatasi, ukaongeza: "Tena anachechemea, tangu alipokanyaga chaza pwani."

Dada, hayo ya pembeni ndiyo yaliyonifanya niweke sahani chini.

Unajua kazi yangu hapa hospitali ni kuosha vioo, vile vidogo wanavyopakia damu ya wagonjwa na kuitazama kwa darubini. Anayeitazama ni Bwana Okoth, mtu wa Kisumu, mcheshi, lakini kwenye kazi yake hana mchezo. Mwezi uliopita alikuwa akiwafundisha wanafunzi, na walipoondoka akaniita.

"Njoo, Mswahili. Weka jicho hapa. Lakini ukiona jini usinivunjie darubini."

"Majini yanapenda watu wasafi," nikamwambia. "Ndiyo maana wewe hayakusumbui."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Alikuwa amemlaza chura hai juu ya ubao, na ile ngozi nyembamba iliyo baina ya vidole vya mguu wake ameitandaza chini ya kioo. Mahali pamoja alikuwa amepachoma kwa sindano. Nikatazama. Subhanallah, dada, nimeona damu inakwenda. Punje zinakimbia ndani ya mishipa kama mchele unaomiminwa. Lakini miongoni mwake mna chembe nyingine, nyeupe, zisizo na haraka. Zinajiviringisha ukutani mwa mshipa, pole pole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Karibu na pale palipochomwa zikanata, zikasimama. Nikaikazia macho moja. Ikajibana, ikapenya ukutani kama paka anavyopenya ua wa makuti, kwanza mkono mmoja, kisha kiwiliwili, mpaka ikatoka nje yote. Huko nje hapana njia, ni nyama tu, nayo ikajikokota humo humo kuelekea kwenye jeraha. Nyuma yake ikaja nyingine.

"Zimeijuaje njia?" nikamwuliza.

"Jeraha lina harufu yake. Zinaisikia, zinaifuata."

"Na zikifika?"

"Zinawala wadudu wa ugonjwa. Nyingi zinafia hapo hapo. Ule usaha unaouosha kwenye vioo vyangu huku umekunja pua, sehemu kubwa ni maiti zao."

Miaka yote hiyo nimemwaga usaha kama taka. Kumbe ni walinzi ambao Mola amemwekea mja wake ndani ya mwili, wanaokwenda kufa kwa ajili yake bila yeye kujua.

Jumamosi nilipoisoma barua yako nikamrudia nikamwuliza habari ya mtoki. Akasema kila mtu anavyo vifundo kinenani na kwapani. Maji ya mwili yanayopanda kutoka mguuni yanapita kwenye vifundo vya kinena, na wadudu wakija nayo wanazuiwa pale, wanapigwa. Vita vikiwa vikali kifundo kinavimba na kuuma.

"Kwa hiyo ukiuona mtoki," akasema, "shuka mguuni ukatafute."

"Na mtu akiukata?"

Akanitazama. "Nani amekwambia aukate? Adui yuko mguuni, ninyi mnapasua nyumba ya askari."

Dada, sasa kaa chini.

Bakari alipougua wewe ulikuwa umeolewa Funzi, hamjahamia nyumbani bado. Ulipofika tulikuwa tumekwisha mzika, ukaambiwa mdogo wetu alikufa kwa homa. Ni kweli ilikuwa homa. Lakini kabla yake alichomwa na mwiba wa samaki kisiginoni, kisha ukaja mtoki. Mzee aliyekuwa akikata mitoki akaitwa. Mjomba alikuwa Tanga, mimi ndiye mwanamume mkubwa nyumbani, nikaulizwa mimi. Nikasema kateni. Kisha nikamshika magoti asirushe miguu.

Bakari akaniambia, "Kaka, si hapo. Ni kisiginoni. Mna kitu kisiginoni."

Nikamwambia, "Nyamaza, wazee wanajua."

Akasema mara ya pili. Nikamkaripia. Akanitazama, nami nikageuza uso.

Baada ya siku tano tulimwosha. Mguu niliuosha mimi. Kisigino kilikuwa cheusi, na ncha ya mwiba imejitokeza yenyewe. Niliigusa kwa kidole hiki ninachoshikia kalamu. Nikaifunika kwa sanda, nisiseme kitu. Yule mzee simlaumu, alifanya alichokijua, na ajali ni ya Mungu. Lakini ndugu yangu alinionyesha mahali, nami nikamnyamazisha.

Basi neno langu la ujomba ni hili: mtoki wa Mwanasiti usikatwe, wala usichuliwe tena. Bi Mwanajuma mwambie kwa heshima, ametukanda sote tangu utoto wetu. Sema mjomba amekataa, hasira zake ziwe juu yangu. Mwulize Mwanasiti panapouma, na popote atakapoweka kidole, mwamini. Tazameni unyayo kwenye mwanga wa jua, huenda mna kipande cha gamba la chaza. Msichokoe. Mpelekeni hospitali ya Msambweni siku hiyo hiyo, wamtoe kilichomo na wampige sindano ya penisilini. Mkitaka kumwandikia kombe, aya zioshwe kwa maji anywe, wala sikatazi. Aliyeshusha aya ndiye aliyeumba dawa. Mimi ni mwosha vioo tu, daktari ndiye atakayejua zaidi. Lakini asicheleweshwe.

Posta ingechukua siku nyingi. Barua hii anayo Bwana Hamadi, mpishi wa reli, anakwenda likizo kwao Kikoneni. Ameniapia kwamba atapitia kwako kwanza, na kama Mwanasiti hawezi kutembea atatafuta gari ampeleke mwenyewe ndipo aende zake. Mpe maji ya kunywa, lakini usimpikie. Atakula akirudi kutoka hospitali.

Nisalimie shemeji yangu, baba Mwanasiti, na mkwe wako, mume wa Mwanasiti, umwambie asimwache mkewe atembee kwa mguu ule. Mama mkubwa aliyeko Funzi mpelekee shikamoo yangu. Mwalimu jirani mwambie sikumnyang'anya kazi yake, barua ijayo ataisoma yeye. Na ukipita makaburini msomee Bakari Fatiha, useme kakaye ameshasema.

Nijibu kwa herufi zozote. Ukiandika kwamba unyayo umetazamwa, itanitosha. La Bakari usinijibu mpaka moyo wako uwe tayari, hata ukikaa mwaka nitangoja.

Mara ya kwanza niliulizwa, nikasema kateni. Safari hii nimesema hapana.

Ni mimi nduguyo, mjomba wa Mwanasiti,
Salimu